Vatsala na Harusi ya Mrehani

Nyumba ya Vatsala Tendolkar na yangu zinatenganishwa na ukuta mfupi wa mawe mekundu. Ni mfupi kiasi kwamba kuku wake walikuja kutaga kwangu, na sisi wawili tulipokezana chumvi na habari bila hata kuvaa ndala. Kwa hiyo haya ninayoyasimulia sikuyaokota njiani.

Mumewe alianguka kutoka juu ya mnazi, akamwachia binti mmoja, Shevanti, ambaye wakati huo bado alikuwa anang'oka meno ya utoto. Vatsala hakurudi kwao. Alilima kajaruba ka mpunga, akabangua korosho za watu hadi vidole vikababuka kwa utomvu, akafuga ng'ombe mmoja mkaidi. Alikuwa na mwili mdogo na sauti kubwa. Akimwita ng'ombe wake, ng'ombe wa kijiji kizima waligeuza shingo.

"Malan," alikuwa akiniambia, maana mimi ndiye Malan, "nyoka simwogopi, njaa siiogopi. Lakini kupika wali wa mtu mmoja! Hapo ndipo moyo unaponiruka."

Nilimcheka. Mimi nilikuwa na mume, wakwe na watoto wanne ndani ya vyumba vitatu. Wali wa mtu mmoja kwangu ulikuwa ndoto.

Shevanti alikua, akawa msichana mrefu mwenye maneno machache, anayejua kusuka mashada ya asumini hata akiwa anatazama pembeni. Ndipo akatokea Raghunath, fundi seremala aliyefanya kazi Goa, ambaye shangazi yake aliishi mwisho wa njia yetu. Vatsala alimwita amtengenezee mlango wa zizi. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Raghunath aliifanya wiki nzima.

"Kijana," mume wangu Sadashiv alimuuliza siku ya nne, akiegemea ukuta, "mlango huo unauchonga au unauposa?"

Raghunath aliinamisha kichwa akaendelea kupiga randa, masikio yamemwiva. Shevanti aliingia ndani na ndoo ya maji ambayo alikuwa ndiyo kwanza ameitoa nje.

Hakuwa na kasoro yule kijana. Wa jamii yetu, mchapakazi, hanywi. Aliporudi Goa kila mtu alijua kwamba mvua zikiisha shangazi yake atakuja kuposa. Mvua zikaisha. Mpunga ukavunwa. Asubuhi moja Vatsala akamwambia bintiye, nami nipo ukutani nasikia, "Raghunath ameoa huko huko Goa."

"Nani kasema?"

"Shangazi yake mwenyewe, kabla hajaenda kukaa kwa mwanawe Mumbai."

Shevanti hakulia. Alikaa kwenye kizingiti, akachambua mchele wote uliokuwa kwenye ungo, akaumaliza, akaanza tena upya. Sote tuliamini. Nilimlaani Raghunath kwa majina ambayo siyarudii hapa.

Baada ya hapo msichana aliacha kula vizuri. Akakonda. Halafu, polepole, akaanza kuuhudumia mrehani wa uani. Kila nyumba kwetu ina mrehani wake, umepandwa juu ya jukwaa dogo la matofali mbele ya mlango. Tunaumwagia maji asubuhi, tunauwashia taa jioni, basi. Shevanti alifanya zaidi. Alikandika pale chini kwa kinyesi cha ng'ombe kila siku, akachora maua kwa unga mweupe, akaimba tenzi za Bwana Vishnu, ambaye pia tunamwita Krishna, kwa sauti ambayo hatukujua kuwa anayo. Wachumba walipoanza kuletwa, aliwapa maji ya kunywa kwa adabu na kuwaambia, "Mimi nimekwisha kupata wa kumhudumia."

Mwanzoni walimcheka. Wavulana walipita wakiita, "Shemeji, Krishna hajambo?" Miaka ikapita, kicheko kikaisha. Wanawake wakaanza kuja kwake wakiwa na watoto wagonjwa, au na waume wakali, wakikaa naye pale chini ya mrehani hadi mioyo itulie. Wasichana walikuja kujifunza tenzi. Na harusi ya mrehani ya nyumba ile ikawa ndiyo harusi ya kijiji.

Ni mwezi wa Kartik, baada ya Diwali, ndipo mrehani unapoozwa kwa Bwana Vishnu. Unavishwa kisari kidogo chekundu na bangili, unasimamishiwa miwa minne kama banda, shinani unawekewa ukwaju na matunda ya amla. Bwana harusi ni sanamu ya shaba, mdogo kama kidole gumba. Pazia linashikwa katikati, kuhani anaimba, wageni wanarusha mchele wa manjano, pazia linashuka, na wawili wameoana. Kuanzia hapo ndipo binadamu nao wanaweza kufanya harusi zao.

Kwa kuwa Vatsala ni mjane, na mjane kwetu hawekwi mbele kwenye shughuli za ndoa, mimi na Sadashiv ndio tuliokuwa wazazi wa bibi harusi. Kila mwaka tulimtoa. Na kila mwaka pazia lilipoinuliwa, Vatsala aliondoka.

"Naangalia moto," alisema, akaingia jikoni.

Nilidhani ni aibu ya ujane. Pia niliona kwamba hali pepeta za harusi, zile tamu za nazi na sukari guru. Alisema zinamsumbua tumbo. Mtu akimwambia, "Vatsala, una bahati, umezaa mtakatifu," alimjibu kwa ukali, "Nenda ukaangalie ng'ombe wako, amefunguka." Tukasema ndivyo alivyo, ulimi wa pilipili.

Basi mwaka ule, siku chache kabla ya harusi, lilisimama gari mbele ya njia yetu, akashuka mwanamume mwenye mvi na kitambi, na mkewe aliyevaa sari ya kijani. Shangazi amefariki Mumbai, kamwachia nyumba, naye kaja kutazama paa. Mimi sikumtambua hadi alipokaribia zizi la Vatsala, akaweka kiganja juu ya ule mlango na kuusukuma aone kama bado unafunga sawasawa.

Shevanti alikuwa amechutama uani anakandika, mikono imejaa kinyesi hadi viwikoni. Mvi zilikwisha kumwingia naye.

"Shevanti," alisema Raghunath. "Umekuja kumtembelea mama?"

"Nakaa hapa."

"Nilidhani…" Alimtazama mkewe, akatabasamu kama mtu aliyekanyaga mguu wa mwenzake. "Shangazi aliniambia umeposwa Malvan. Kwa watu wenye duka. Nilisubiri mwaka mzima, nikasema labda itavunjika, ndipo na mimi nikaoa. Huyu ndiye mwenyewe, Pramila. Ananicheka hadi leo, eti yeye ni mchumba wa akiba."

"Ananung'unika kama ng'ombe mzee, dada," alisema Pramila. "Lakini ana mikono mizuri."

Shevanti alikuwa amenyanyua kichwa. Hakumtazama Raghunath. Alimtazama mama yake, aliyekuwa amesimama mlangoni na ungo wa mchele.

Vatsala alikuwa na nafasi pale. Nasema hivi kwa sababu yeye mwenyewe alikuja kulisema mara nyingi. Ungo ulikuwa mkononi, jua lilikuwa linawaka, watu wote waliohusika wapo. Angeweza kusema. Badala yake alisema kwa ile sauti yake kubwa, "Ah, yale ya Malvan! Yalivunjika. Karibuni chai."

Hawakunywa chai, walikuwa na fundi anawangoja. Shevanti akawaambia waje kwenye harusi, akainama, akaendelea kukandika. Hakuuliza neno. Si siku ile wala siku iliyofuata.

Kesho yake nilikuwa nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi. Vatsala akapita juu ya ukuta na kukaa mbele yangu bila salamu.

"Haniulizi chochote," alisema. "Ananipakulia wali. Ananiuliza kama chumvi imetosha."

"Vatsala, Malvan kuna nini?"

"Hakuna kitu. Sijawahi hata kufika Malvan."

Kisha akanieleza. Shangazi alikuja kuposa kweli, mvua zilipoisha, na nazi na sari mpya kwenye sinia. Shevanti alikuwa amepeleka mpunga kinuni. "Nilimtazama yule mama akinywa chai yangu, Malan, nikaona sufuria yangu ya wali. Nikaona kikombe kimoja cha mchele ndani yake. Mdomo ukafunguka wenyewe, ukasema amekwisha kuposwa. Nikawaza nitamwita tena kesho nimwambie nimekosea. Kesho yake ikawa keshokutwa. Halafu akahamia Mumbai, na mtoto ananiuliza kila siku, ikabidi nimpe jibu."

"Na hawa wachumba wengine wote?"

"Niliwaita mimi! Nilitaka aolewe na yeyote yule, nipumue. Akakataa. Akaufanya uongo wangu kuwa ibada. Watu wanakuja kumgusa miguu kwa heshima, na mimi ndani najua kilichomweka pale."

Nazi ilinishinda kukuna. Nilipandwa na hasira, maana na mimi nilikuwa nimemlaani mtu asiye na kosa.

"Mbona unaniambia mimi?" nikamwambia. "Nenda kamwambie mwenyewe."

"Baada ya harusi."

"Baada ya harusi, baada ya mavuno, baada ya mvua! Toka, Vatsala. Toka nyumbani kwangu nisije nikakurushia kifuu."

Akatoka. Siku ya harusi ikafika naye hajasema.

Jioni ile ua ulijaa. Raghunath na Pramila walikuwa wamekaa mkekani pamoja na wengine. Bhatji, kuhani wetu, aliwahi kuliko saa njema yenyewe, kama kawaida yake, na ili watoto wasichomoe miwa akawasimulia habari za Vrinda. Jinsi alivyokuwa mke wa jitu Jalandhara, na uaminifu wake ukawa ngao ya mumewe hata miungu wakashindwa kumuua vitani. Jinsi Bwana Vishnu alivyojigeuza akawa na sura ya mume, akabisha mlango, na Vrinda akampokea kwa furaha. Saa ileile ngao ikavunjika, mume akauawa.

"Alipogundua," alisema Bhatji, "Vrinda alimlaani Bwana awe jiwe, akaingia motoni. Kwenye majivu yake ukaota mrehani. Naye Bwana akasema, nastahili. Nitakuwa jiwe, nitasimama kando yako, nitakuoa kila mwaka, na chakula kisicho na jani lako sitakigusa."

Mjukuu wangu Jui akauliza, "Kwa hiyo Vrinda alimsamehe?"

"Wanaoana, si unaona?"

"Nimeuliza alimsamehe."

Watu wakacheka. Bhatji akakuna kichwa, akasema mtoto huyu apelekwe akasomee sheria. Mimi sikucheka. Nilimwona Vatsala karibu na nguzo, rangi ya uso imemtoka.

Pazia likainuliwa. Vatsala akaingia jikoni. Safari hii Shevanti aliweka chini shada alilokuwa amelishika, akamfuata. Na mimi nikamfuata Shevanti, kwa kisingizio cha sinia la mchele.

Alimkuta mama yake amesimama mbele ya jiko. Hakukuwa na moto wowote wa kuangalia.

"Mama," alisema, "kila mwaka unakimbia nini?"

Vatsala alifungua mdomo. Sauti yake, ile ya kugeuza ng'ombe, ilitoka ndogo. "Hakuoa. Wakati ule nilipokwambia. Walikuja kukuposa nikawafukuza kwa uongo."

"Shangazi yake alikaa wapi?"

Swali lile lilitushangaza sote wawili. "Pale," alisema Vatsala. "Penye mtungi."

"Alikuja na nini?"

"Nazi. Na sari."

"Rangi gani?"

"Shevanti, mwanangu…"

"Rangi gani, mama?"

"Ya manjano. Ukingo mwekundu."

Shevanti alipatazama penye mtungi kwa muda mrefu. Machozi yalimtoka bila uso wake kubadilika. Vatsala akapiga magoti, akashika miguu ya bintiye, jambo ambalo mzazi hafanyi kwetu. "Nilaani," alisema. "Kama yule Vrinda. Sema neno lolote, nitalibeba."

"Simama."

"Nilaani kwanza."

"Simama, mama, watu wanasubiri." Alimnyanyua kwa mkono mmoja kama mtu anavyonyanyua gunia. "Mimi sitakulaani. Unataka adhabu ili uone umelipa, kisha ulale. Leo utamtoa bibi harusi wewe. Kwa mkono wako."

"Mimi ni mjane."

"Wewe ni mama."

Nje walikuwa wanapiga kelele, saa njema inapita. Shevanti alitoka akiwa amemshika mama yake kiwiko, akamweka mahali petu, penye sinia na maji. Bhatji akashusha kitabu chake.

"Dada Shevanti, hili halijawahi kufanyika. Mjane hawezi…"

"Bhatji, nani analea mrehani huu?"

"Wewe."

"Na mimi nimezaliwa na nani?"

Bhatji alimtazama Sadashiv, aliyekuwa amevaa kilemba chake cha baba wa bibi harusi na kukipenda sana. Sadashiv akakivua, akakaa mkekani. "Usiniangalie mimi," alisema. "Mimi mwaka huu nimestaafu."

Basi Vatsala akafanya. Alimwaga maji juu ya jani la mrehani na mkono wa sanamu, akarudia maneno baada ya Bhatji, kwamba binti huyu niliyemlea namtoa kwa hiari, sina madai naye tena. Alimwaga mengi mno hadi yakalowesha kisari. Alipofika kwenye neno "kwa hiari" alikwama. Bhatji akalirudia. Akakwama tena. Shevanti alikuwa amesimama upande wa pili wa pazia, hamsaidii, hamkatishi. Mara ya tatu neno likatoka. Watu wakarusha mchele. Raghunath naye alirusha, akimwelekezea mkewe kwa kidole jinsi miwa ilivyofungwa. Hakujua kitu, na hadi leo hajui. Nilipomuuliza Shevanti kama atamwambia alijibu, "Nimwambie ili iwe nini? Pramila ana kosa gani?"

Siku mbili baadaye Shevanti alipanda basi la Pandharpur. Kule kuna nyumba ya wanawake waimbaji karibu na mto, na walikuwa wamemwita mara nyingi. Zamani alikuwa akijibu, "Nani atabaki na mama?" Safari hii hakuuliza. Alimwachia mama yake kuni zilizopasuliwa na ng'ombe aliyekamuliwa. Hakumgusa miguu kuaga. Sadashiv alijaribu kuchangamsha hewa, akasema huko Pandharpur hata Rukmini, mke wa Krishna, ana hekalu lake kando na la mumewe, maana alinuna akaondoka nyumbani. Hakuna aliyecheka, akajifanya anakohoa.

Kwa hiyo kile ambacho Vatsala alikiogopa maisha yake yote kikamjia. Nilidhani kitamuua. Jioni ya kwanza nilimpelekea mchuzi wa samaki, nikamkuta amekaa mbele ya sahani, anakula. Wali wa mtu mmoja.

Wiki zikapita, akaendelea kuamka, kulima, kumfokea ng'ombe. Ndipo siku moja akaniambia jambo ambalo bado linanikera usiku nikikumbuka.

"Malan, unajua kinachonitesa? Inawezekana. Kukaa peke yangu. Si kuzuri, lakini mtu anaishi. Ningekuwa nimekufa kwa upweke, ningesema basi, nilikuwa na sababu. Sasa sina hata hiyo. Nilimnyang'anya mtoto wangu maisha kwa kuogopa kitu ambacho kumbe ninakiweza."

Nilikaa naye tu, tukachambua dagaa.

Shevanti alirudi wakati wa joto kali, akiwa na afya kuliko alivyoondoka. Alikaa wiki moja. Siku ya pili, mama yake alimuuliza mbele yangu, kwa woga, kama angeolewa na Raghunath angekuwa na furaha.

"Sijui," alisema Shevanti. "Hicho ndicho ulichokichukua. Kujua."

"Na ibada yako yote hii… niliiharibu? Ilijengwa juu ya uongo."

Hapo Shevanti alikasirika, mara ya kwanza mimi kumwona amekasirika. "Uongo ni wako. Ibada ni yangu. Usiichukue na hiyo pia, useme ni kazi ya mikono yako. Nilipomwimbia Bwana nilimwimbia yeye, sikuwa namwimbia Raghunath." Kisha akasema kwa upole zaidi, "Mwanzoni labda. Mwaka wa kwanza."

Vatsala akacheka kidogo, akashtuka kwamba amecheka, akafunika mdomo.

Sasa ndivyo wanavyoishi: binti Pandharpur, mama hapa, na Kartik binti huja. Vatsala anamtoa bibi harusi kila mwaka, na wajane wengine wawili wa kijiji wameanza kufanya hivyo majumbani mwao, jambo linalompa Bhatji maumivu ya kichwa. Pepeta hali bado. Nilimwambia aache kujitesa, akaniambia niangalie mambo yangu.

Mwaka jana aliniomba nimsindikize Pandharpur. Safari nzima alikaa wima na kikapu cha korosho mapajani, amezibangua mwenyewe, kila muda ananiuliza kama Shevanti atakuwa kituoni. Alikuwepo. Alitugusa miguu, mimi kwanza kwa kuwa nilitangulia kushuka, kisha akasimama mbele ya mama yake. Niliona Vatsala akirudisha miguu nyuma ndani ya sari yake, kama mtu asiyestahili. Shevanti aliinama hadi akaipata.

"Kikapu kizito hivi," alisema akiinuka, "umetujazia mawe?"

Akakitwika kichwani, akatangulia, nasi tukamfuata kuelekea mtoni.